Mshahara wangu si mdogo kuliko wa wengine, mbona wafanyakazi wanaondoka?

SWALI: Ninaendesha biashara ya kusambaza bidhaa za jumla hapa Kisumu, na nina wafanyakazi thelathini na wanane: madereva, matanboi (wasaidizi wa madereva), wapakiaji, watunza stoo, makarani na wauzaji. Tangu Januari, watu saba wameacha kazi. Mwezi wa Mei niliwaongeza wote mshahara kwa asilimia 8, nyongeza ya kwanza tangu mwaka wa 2022, na bado wawili wakaondoka baada ya hapo. Mmoja wao, dereva, amekwenda kwa mshindani wangu aliye barabara hiyo hiyo, kwa mshahara ambao nimehakikisha haupiti ule niliokuwa nikimlipa. Nikiwauliza, wananiambia tu kwamba wamepata nafasi kwingine. Nimemleta msimamizi mpya mwenye diploma kutoka Nakuru ili aweke mambo sawa, na upungufu wa mzigo sasa unakatwa moja kwa moja kwenye mishahara ya wahusika ili kila mtu awe mwangalifu, lakini hali haijatulia. Juzi mtunza stoo wangu wa miaka tisa ameleta notisi ya mwezi mmoja. Je, nimwongeze mshahara ili abaki? Na hawa watu wanatafuta nini hasa?

JIBU: Barua yako, dada, ina mambo uliyoyaeleza kwa kirefu na mengine uliyoyapitia kwa sentensi moja moja, na jibu langu litakaa zaidi kwenye hayo ya pili. Umeupigia mshahara hesabu, ukaulinganisha na wa mshindani wako, ukahitimisha kwamba mtu mwenye busara hana sababu ya kuondoka. Hitimisho hilo lingesimama kama mfanyakazi angeamua kwa kuitazama kazi jinsi ilivyo kwenye vitabu vyako vya hesabu. Lakini vitabu hivyo hanavyo. Yeye huamua kwa kazi anavyoiona kutoka mahali alipo, kwa habari chache alizonazo na kwa yale anayoambiwa na wenzake wakati wa kupakia lori asubuhi. Picha hiyo ndiyo inayomwondoa au kumweka, hata pale unapoweza kuthibitisha kwa karatasi kwamba ina kasoro.

Wataalamu James March na Herbert Simon wa Marekani walieleza mwaka wa 1958 kwamba kuacha kazi kunategemea maamuzi mawili yanayofanyika kichwani mwa mfanyakazi: kama anatamani kuondoka, na kama anaona kuondoka ni rahisi. Utafiti mwingi uliofuata umeongeza na kurekebisha, lakini mgawanyo huo bado unafaa sana kwa mwajiri anayetaka kuelewa mambo haraka. Kwako unaeleza kwa nini anayeondoka mapema mara nyingi ni yule usiyetaka aondoke. Dereva anayezijua njia za Ahero, Bondo na Luanda, ambaye wenye maduka wana namba yake ya simu na humpigia yeye kabla ya kukupigia wewe, anajua kwamba msambazaji mwingine atampokea wiki hiyo hiyo. Mpakiaji ambaye hana cheti wala jina mjini huenda amechoka zaidi yake, lakini haoni mlango wa kutokea, kwa hiyo anabaki. Usiuchukue utulivu wa huyu wa pili kuwa ni kuridhika. Katika mji ambao vijana wengi wanatafuta kazi, wapo watu wengi walioacha kazi moyoni ilhali kila asubuhi wanatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio.

Tuje kwenye ile nyongeza ya Mei, kwa sababu naona imekushangaza kwamba haikuzaa shukrani. Chukua mpakiaji aliyekuwa akilipwa shilingi 22,000 kabla ya makato. Mwanzoni mwa Januari 2023 alikatwa shilingi 200 za NSSF (hifadhi ya jamii) na shilingi 750 za NHIF (bima ya afya), akabaki na 21,050. Kuanzia Februari mwaka huo mchango wa NSSF ukawa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo, na tangu Februari 2024 kikomo hicho kimepita mshahara wake wote; baadaye mwaka huo huo ukaja ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na kuanzia Oktoba 2024 NHIF ikapisha bima mpya ya SHIF ya asilimia 2.75. Wewe ukampandisha hadi 23,760. Ukiondoa makato hayo matatu anabaki na takriban 21,325. Kwa kiwango hicho cha mshahara kodi ya mapato haimgusi, kwa hiyo hesabu inaishia hapo: baada ya nyongeza yako ya asilimia 8, mtu huyu anapeleka nyumbani shilingi 275 hivi zaidi ya alizopeleka mwanzoni mwa 2023, na bei ya unga na nauli ya kutoka Nyamasaria hazikumngoja.

Wewe kwa upande wako umeiona gharama ikipanda, na hukukosea, kwani juu ya mshahara mpya unalipa asilimia 6 nyingine ya NSSF na asilimia 1.5 nyingine ya nyumba. Nyote wawili mnasema kweli, ila kila mmoja ameshika tarakimu yake. Umetoa pesa nyingi, yeye amepokea chache, na kwa kuwa hakuna aliyeketi naye kumfungulia hati ya malipo mstari kwa mstari, tofauti hiyo ameijaza kwa maelezo yake mwenyewe. Mara nyingi maelezo hayo ni kwamba tajiri ametangaza asilimia 8 na kuirudisha kwa mkono wa pili. Ningekuwa wewe, hilo ningelirekebisha wiki hii, kwa kuwa halina gharama yoyote isipokuwa nusu saa na karatasi.

Hata hivyo sidhani kwamba mtunza stoo wako anaondoka kwa sababu ya shilingi hizo. J. Stacy Adams, katika maandishi yake ya miaka ya 1963 na 1965 kuhusu haki kazini, alionyesha kwamba mtu hapimi malipo yake peke yake. Hupima anachotoa na anachopata, kisha akakilinganisha na anachotoa na kupata mtu mwingine aliye mbele ya macho yake. Wewe umemlinganisha na wafanyakazi wa mshindani wako. Yeye anajilinganisha na msimamizi mpya. Tazama mambo yalivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa stoo. Kwa miaka tisa amejua ni sukari ipi huingia maji mvua ikipiga kutoka ziwani, ni mteja gani hurudisha katoni zilizofunguliwa, na ni lori lipi lisipakiwe mafuta ya kupikia juu ya unga. Siku moja anakuja mtu mwenye diploma, analipwa zaidi, na kazi ya kwanza anayopewa mzee wetu ni kumwonyesha mgeni mambo yote hayo. Inawezekana kabisa kwamba uteuzi ulikuwa sahihi. Biashara inayokua inahitaji mtu wa mifumo na ripoti. Lakini je, kuna aliyemwambia kwamba nafasi hiyo itatangazwa? Je, aliulizwa kama anaitaka? Alielezwa ni kwa nini hakupewa? Mtu anaweza kukubali kushindwa katika jambo ambalo aliona mwenyewe jinsi lilivyoamuliwa, lakini lile analolikuta limekwishafanyika hulisoma kama hukumu juu ya miaka yake yote.

Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na mara nyingi mwenye biashara hushangaa kwa dhati, kwa sababu moyoni alimthamini sana yule mzee wa kazi na alidhani kwamba mwenyewe anajua. Thamani isiyosemwa haihesabiki. Robert Eisenberger na wenzake, mwaka wa 1986, waliandika kuhusu imani anayojijengea mfanyakazi juu ya kiasi ambacho mahali pa kazi panamjali na kuutambua mchango wake. Ni imani, si kipimo cha ukarimu wako. Hujengwa kwa ishara ndogo ambazo mfanyakazi huzihesabu kama zimetoka kwa kampuni yenyewe, hata zikiwa zimetoka kwa msimamizi mmoja asiye na adabu.

Sasa ule upungufu wa mzigo, ambao umeuandika kana kwamba ni suala la nidhamu tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo pana kidonda kikubwa zaidi katika barua yako. Fikiria dereva amerudi jioni kutoka Siaya, katoni mbili za sabuni hazionekani kwenye hesabu. Yeye anaamini zilipungua tangu kupakiwa, karani anaamini zimeuzwa njiani, na msimamizi mpya, ambaye hakuwapo asubuhi, anaandika shoti, yaani upungufu huo, kwa jina la dereva na tanboi wake, nusu kwa nusu. Mwisho wa mwezi pesa zimekatwa. Hakuna aliyeulizwa kitu. Kwako ni shilingi elfu mbili zilizookolewa, lakini dereva ameitwa mwizi bila kusikilizwa, na tanboi aliyekuwa amelala juu ya magunia ameadhibiwa kwa kuwa tu alikuwa kwenye lori hilo.

Sheria haikupi uhuru huo unaodhani unao. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakuruhusu kukata kiasi cha haki pale mali yako ilipoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na pia pale pesa zilipopungua mikononi mwa mtu aliyekabidhiwa pesa, kwa uzembe wake au kwa kukosa uaminifu. Kwa vyovyote vile, makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Kosa hilo linapaswa kuthibitishwa, na katoni kutoonekana si uthibitisho. Sisemi uvumilie wizi. Biashara ya jumla ina faida nyembamba, na najua katoni mbili kila siku zinaweza kuifunga. Nasema upakiaji uhesabiwe na watu wawili, dereva atie sahihi kabla ya lango kufunguliwa, na kila shoti isikilizwe siku hiyo hiyo mhusika akiwapo. Mtu akikatwa baada ya utaratibu kama huo atanung'unika, lakini kunung'unika na kutafuta kazi kwingine ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu uzito wa maelezo, upo utafiti wa Jerald Greenberg wa mwaka 1990 ambao hupenda kuwasimulia waajiri wa aina yako. Kampuni moja ya Marekani ilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi katika viwanda vyake viwili. Katika kimoja wafanyakazi walielezwa sababu kwa ukamilifu, wakaonyeshwa hesabu, na wakubwa wakaonyesha kwamba jambo hilo linawauma. Katika kingine walipewa tangazo fupi na kavu. Wizi uliongezeka katika viwanda vyote viwili, lakini ulikuwa mkubwa zaidi pale pasipokuwa na maelezo ya kutosha. Pesa zilizokatwa zilikuwa sawa kabisa. Ukiona shoti zinaongezeka tangu uanze kukata, usiharakishe kusema kwamba wafanyakazi wamekuwa wabaya zaidi. Huenda baadhi yao wanarudisha wanachoamini wameporwa.

Huenda unajiuliza pia kwa nini waondoke sasa na si mwaka jana, hali mishahara ya mwaka jana ilikuwa chini zaidi. Thomas Lee na Terence Mitchell, mwaka wa 1994, walitoa hoja kwamba watu wengi hawaondoki kwa kuchoka polepole hadi kikombe kikajaa, bali kwa tukio moja linalowashtua na kuwalazimisha kujiuliza kama bado wanataka kuwa hapo. Tukio hilo linaweza kuwa jema au baya, la kazini au la nyumbani: ndoa, uhamisho wa mume, simu ya ghafla kutoka kwa mshindani, mtu kupandishwa cheo, kukaripiwa mbele ya wateja. Ningependa ufanye jambo moja rahisi. Andika tarehe ambayo kila mmoja wa wale saba alitoa notisi, na kando yake uandike mambo yaliyotokea kazini katika wiki sita zilizotangulia. Ukikuta wanne kati yao wanafuatana na tarehe ya msimamizi kuingia, au na mwisho wa mwezi wa kwanza wa makato ya shoti, utakuwa umepata jibu ambalo hukulipata kwa kuwauliza.

Jambo lingine ambalo orodha hiyo inaweza kuonyesha ni kwamba mmoja amemvuta mwenzake. Will Felps na wenzake walichapisha mwaka wa 2009 utafiti unaoonyesha kwamba mtu akiwaona wafanyakazi wenzake wanatafuta kazi, uwezekano wa yeye kuondoka huongezeka. Si vigumu kuona sababu. Dereva wako aliyevuka barabara hakuondoka na lori lako, ila aliacha nyuma habari kwamba inawezekana kuvuka, na kila jioni anakutana na waliobaki kwenye kibanda kile kile cha chai. Kwake yeye kwamba mshahara haukupita wako ni jambo dogo. Huenda huko anaambiwa shoti inasikilizwa kwanza.

Ama kuhusu jibu la "nimepata nafasi kwingine", usilitegemee. Anayeondoka hana faida yoyote ya kukwambia ukweli, na ana mengi ya kupoteza. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinakulazimisha kumpa cheti cha utumishi, lakini hakikulazimishi kumsifu, na anajua mwajiri mwingine anaweza kukupigia simu. Zaidi ya hayo, katika jamii zetu za magharibi mwa Kenya mtu mzima hamwambii aliyemlisha kwa miaka kadhaa kwamba amemdhulumu. Humuaga kwa heshima na kwenda zake. Ukweli wanao waliobaki, na unapatikana mapema kabla ya barua kuandikwa. Rodger Griffeth, Peter Hom na Stefan Gaertner walipokusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi mwaka wa 2000, ilidhihirika kwamba nia ya kuondoka ni miongoni mwa viashiria bora vya kuondoka kwenyewe, na kwamba mshahara una uhusiano mdogo tu na uamuzi huo. Kwa hiyo muulize mtu akiwa bado yupo, na umuulize kwa namna anayoweza kujibu: ni jambo gani la wiki hii lililokufanya uone kazi ni nzito bila sababu? Asiulize msimamizi mpya. Nimewahi kuona sanduku la maoni lililofungwa kwa kufuli zuri kabisa, na ufunguo wake ukawa mfukoni mwa yule yule ambaye maoni yote yangemhusu.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao huenda unakufanyia kazi bila wewe kujua, nao ni yale yanayomfunga mtu mahali. Mitchell, Lee na wenzao, katika utafiti wa 2001 uliohusisha wafanyakazi wa maduka ya vyakula na wa hospitali, walionyesha kwamba watu hubaki pia kwa sababu ya mafungamano yao na wenzao, kwa kuona kwamba kazi na mtaa vinawafaa, na kwa yale watakayopoteza wakiondoka. Kwetu huku mafungamano hayo yana sura zinazojulikana: mkopo wa Sacco ambao wadhamini wake ni watu wa stoo hiyo hiyo, chama cha kila mwezi, mtoto aliye shule ya karibu, ploti aliyoanza kujenga Mamboleo. Baadhi ya waajiri husikia haya na kufurahi, kana kwamba wamegundua kamba. Mtu anayebaki kwa sababu mkopo wake utawaangukia wenzake si mfanyakazi uliyempata, bali ni deni linalosubiri kuisha.

Fungamano linalojenga hupatikana katika mambo mengine, na la kwanza ninalowaambia waajiri wa Kisumu, Kakamega na Busia ni msiba. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo, lakini ruhusa ya kwenda kuzika imeachwa kwa makubaliano yenu. Hapo ndipo mfanyakazi anapoisoma kampuni. Mtu aliyepewa siku zake bila kubembeleza, akaona wenzake wawili wametumwa na gari hadi nyumbani kwao wakiwa na rambirambi, hatalisahau hilo kwa miaka mingi. Aliyeambiwa asubiri mwisho wa mwezi kwa sababu kuna hesabu ya mali naye hatasahau, na wala hatalitaja siku ya kuondoka.

Nimalizie na mtunza stoo, kwa kuwa muda wa notisi unaenda. Usimwongeze mshahara kabla hujazungumza naye. Ukimpa nyongeza sasa, yeye ataelewa kwamba pesa zilikuwapo siku zote na kwamba zilihitaji barua ili zitoke, na wale wengine, ambao watajua kabla ya Ijumaa, wataelewa kwamba njia ya kuongezwa ni kuandika notisi. Mwite peke yake, si ofisini kwako ambako simu hazikomi. Anza na lile la msimamizi: mwambie wazi jinsi uamuzi ulivyofikiwa, na kama hakuhusishwa, sema kwamba alistahili kuhusishwa. Kisha muulize kazi yake ingekuwaje ndipo aione ina maana kubaki, na unyamaze hadi amalize. Ikiwa jibu lake ni mamlaka juu ya stoo, au kauli katika kesi za shoti, au cheo kinacholingana na anachofanya tayari, hayo unaweza kuyatoa, na mshahara ufuate cheo ili kila mtu aone umetokana na nini. Kifungu cha 10 kinataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana naye na kuarifiwa kwa maandishi, kwa hiyo yaandikwe kabla notisi haijaisha.

Ikiwa ameshaamua, mwache aende vizuri. Mlipe siku za likizo alizobakiza, mpe cheti chake cha utumishi siku ya mwisho bila kumzungusha, na umwombe akabidhi stoo kwa mtu aliyemfundisha mwenyewe, si kwa msimamizi pekee. Zile hati za malipo na utaratibu wa shoti vishughulikie wiki hiyo hiyo, yeye akiwa bado yupo, kwa sababu ndiye anayejua upungufu wako mwingi huanzia wapi.